Alama Saba kutoka Italia: Moroko kwenye Eurovision ya 1980

Alama saba, na zote zilitoka kwa jopo moja la majaji, la Italia. Majopo mengine 17 yaliyokuwa na haki ya kuipa Moroko kura usiku wa tarehe 19 Aprili 1980 hayakuitupia hata moja. Samira Bensaïd, binti wa Rabat mwenye miaka 22, akamaliza wa 18 kati ya washiriki 19, akiitangulia Ufini peke yake, iliyoambulia sita. Tangu usiku ule hakuna nchi ya Afrika iliyopanda tena jukwaa la Eurovision, mashindano ya nyimbo ya Ulaya, kwa bendera yake, na Moroko yenyewe haikurudi.

Kikisimuliwa siku hizi, kisa hiki huwa kifupi: nchi ya Kiarabu ikajitosa, Wazungu wakaibania, ikasusa. Masimulizi hayo yanaridhisha, na chembe ya ukweli yanayo. Ila ukikaa na jedwali la kura la usiku ule, ukalilaza kando ya kalenda ya siasa ya 1979 na 1980, unaona jambo jingine. Moroko iliponzwa na namna ilivyoingia kuliko na ilichokiimba. Halafu ikajimaliza kwa kutokuja mwaka wa pili.

Afrika inatokea wapi hapa?

Swali la kwanza la kila anayesikia habari hii ni hilo, na jibu lake halina uhusiano na muziki. Eurovision ni mashindano ya mashirika ya utangazaji yaliyo wanachama wa EBU, muungano wa watangazaji ulioundwa 1950. Miaka sita baadaye, 1956, muungano huo ukaandaa mashindano ya kwanza ya nyimbo mjini Lugano, Uswisi. Uanachama hufuata eneo la utangazaji lililochorwa kwa ajili ya kugawana masafa ya redio, na eneo hilo linashuka kusini hadi latitudo ya nyuzi 30 Kaskazini, linakwenda mashariki hadi longitudo ya nyuzi 40, na linazikumbatia nchi zinazopakana na Mediterania. Kwa hiyo Moroko, Algeria, Tunisia, Libya, Misri, Lebanon na Israel zimo ndani kwa haki kamili, sawa na Ureno au Norwe. Sisi wa Afrika Mashariki tumebaki nje kwa mstari uliopigwa na mafundi wa masafa. (Mstari wenyewe hupinda ukitakiwa kupinda: Australia ilialikwa 2015 na ikaendelea kualikwa. Lakini hiyo ni habari ya siku nyingine.)

Israel iliitumia haki yake kuanzia 1973. Hapo ndipo tatizo la nchi za Kiarabu lilipozaliwa, kwa sababu kushiriki Eurovision si kupeleka mwimbaji tu. Ni kurusha onyesho zima nyumbani kwako, wimbo baada ya wimbo, pamoja na kura zote na bendera zote. Shirika la taifa la nchi isiyoitambua Israel lingefanyaje? Tunisia ilijiandikisha kwa ajili ya 1977, ikapangiwa hadi nafasi ya kuimba, kisha ikajitoa. Mwaka uliofuata, televisheni ya Jordan, iliyokuwa ikirusha matangazo bila kuwa mshiriki, ilionyesha picha za maua wakati wa wimbo wa Israel. Kura zilipoanza kuonyesha kwamba Israel inashinda, matangazo yakakatwa, na watazamaji wakaja kuambiwa kwamba mshindi ni Ubelgiji, iliyokuwa ya pili. Uturuki, ambayo si nchi ya Kiarabu lakini ilitegemea mafuta ya Waarabu, ilikuwa imeshachagua wimbo wake wa 1979. Mashindano yalikuwa yanafanyika Yerusalemu, presha ikaja kutoka nchi za Kiarabu, Uturuki ikabaki nyumbani.

Huo ndio mlango ambao Moroko ilikuwa imesimama mbele yake. Ulikuwa wazi kisheria, umefungwa kisiasa.

Jinsi mlango ulivyofunguka

Israel ilishinda mara mbili mfululizo, Paris 1978 na Yerusalemu 1979. Kwa desturi mshindi huandaa mashindano yanayofuata. Shirika la utangazaji la Israel likasema gharama za kuandaa miaka miwili kwa mpigo haliziwezi, serikali haikuongeza fungu, na kazi ikaanza kutafutiwa mtu. Uhispania, iliyokuwa ya pili 1979, haikuitaka. Mwishowe Waholanzi wa NOS, shirika lao la utangazaji, wakakubali, kwa sharti ambalo mtu yeyote aliyewahi kuandaa harusi ya dakika za mwisho atalielewa: tunafanya, lakini kwa tulichonacho. Wakarudi kwenye ukumbi uleule wa The Hague walioutumia 1976, na sehemu ya mapambo ya jukwaa ikawa ile ile ya miaka minne nyuma.

Wakachagua Jumamosi ya tarehe 19 Aprili. Jioni hiyo ndiyo Israel ilikuwa inaanza kuadhimisha siku yake ya kuwakumbuka askari waliokufa vitani, siku ambayo kumbi za starehe hufungwa nchi nzima. Israel ikaomba udhuru. Bingwa mtetezi akakosa kutetea taji lake, jambo ambalo mashindano hayo hayakuwa yameliona.

Moroko ikaingia mwaka huohuo. Israel iliporudi 1981, Moroko haikuwepo. Sihitaji waraka wa siri kuunganisha mambo hayo mawili. Kumbuka pia hali ya kanda ilivyokuwa: Machi 1979 Misri ilitia saini mkataba wa amani na Israel, na kwa kosa hilo ikasimamishwa uanachama wa Jumuiya ya Nchi za Kiarabu, makao makuu ya jumuiya yakahamishwa kutoka Cairo hadi Tunis. Mwaka huohuo Mfalme Hassan II wa Moroko akawa mwenyekiti wa Kamati ya Al-Quds ya jumuiya ya nchi za Kiislamu. Mfalme anayesimamia suala la Yerusalemu kwa niaba ya Waislamu wa dunia hawezi, wakati huohuo, kuonekana televisheni yake ikiburudisha watu kwa tamasha ambalo Israel inashindana. Bila Israel, mambo yakawa mepesi. Shirika la RTM la Rabat likatuma jina.

Wachambuzi wengi hulipita jambo hili haraka ili wafike kwenye wimbo. Nadhani hapa ndipo matokeo yalipoamuliwa. Nchi inayoingia kwa sababu mwenzake hayupo inajua tangu siku ya kwanza kwamba mwakani huenda isiwepo. Haina sababu ya kujenga chochote: hakuna timu ya kudumu, hakuna mashindano ya nyumbani ya kumpata mwimbaji, hakuna mtangazaji wa Rabat anayejuana na wenzake wa Brussels au Lisbon, hakuna watazamaji waliozoea. Una usiku mmoja, na usiku huo lazima utoe jibu.

Dakika tatu

Wimbo uliitwa "Bitaqat Hub", yaani kadi ya mapenzi. Muziki uliandikwa na Abdel Ati Amenna, maneno na Malou Rouane, na okestra ikaongozwa na Jean Claudric. Ujumbe wake ni amani kati ya watu, somo ambalo Eurovision imelisikia mara nyingi kiasi kwamba halimshtui mtu. Kuimba Kiarabu hakukuwa kiburi wala mkakati. Kanuni ya wakati ule, iliyorudishwa 1977 na kudumu hadi 1998, ilimlazimisha kila mshiriki kuimba kwa lugha ya nchi yake. Kwa hiyo Mfini aliimba Kifini, Mturuki Kituruki, na Wanorwe wawili mwaka ule walikuja na wimbo ambao ndani yake mlikuwa na joik, uimbaji wa asili wa Wasami wa kaskazini. Lugha ngeni zilijaa ukumbini. Hakuna hata jopo moja lililoweza kujidai limeelewa nusu ya maneno ya usiku ule.

Tatizo la kweli lilikuwa muda. Eurovision inataka wimbo usiozidi dakika tatu. Anayeijua taarab hahitaji kuelezwa sana kwa nini hilo ni jambo zito kwa muziki uliotoka Cairo na kusambaa hadi mwambao wetu. Muziki ule unaishi kwa kurudia. Ala hutangulia, mwimbaji huingia akiwa hana haraka, mstari mmoja huimbwa, ukumbi hulalamika kwa raha, mstari ukarudiwa na pambo jipya. Umm Kulthum, mwimbaji mashuhuri wa Misri, aliweza kuukalia wimbo mmoja kwa saa nzima na zaidi, na watu wakaona bado. Mwimbaji aliyekulia katika masikio ya namna hiyo, ukimpa dakika tatu, unamtaka atoe kiitikio kabla hajamaliza kusalimia. Watunzi wa Moroko walijua hivyo, wakaandika wimbo wa mchanganyiko: mdundo wa pop wa enzi ile, nyuzi za okestra zenye ladha ya Kiarabu juu yake, na sauti ya Samira ikipanda kwa nguvu tangu mwanzo. Ukiusikiliza leo unasikia mwimbaji mzuri sana anayekimbizana na saa. Mapambo ya sauti yapo, lakini kila pambo linakatwa kabla halijatulia.

Halafu tazama alipopangwa. Aliimba wa tano. Wa nne ilikuwa Luxembourg, iliyoleta mapacha wawili wa Kifaransa, Sophie na Magaly, wakiimba habari za Baba Pengwini, na nyuma yao mtu amevaa kama pengwini anarukaruka. Luxembourg ilimaliza ya tisa. Jopo lililo mbele ya televisheni huko Stockholm au Vienna limetoka kucheka pengwini, kabla halijafuta machozi linaletewa wito wa amani kwa lugha lisiyoijua, na mara baada yake anasimama Alan Sorrenti wa Italia, nyota wa pop ambaye tayari alikuwa na jina Ulaya. Mpangilio wa kuimba hupatikana kwa kura ya bahati, haukuwa hila ya mtu. Lakini bahati ile ilikuwa mbaya.

Jedwali la kura linasema nini

Sasa tuje kwenye hesabu, maana ndiko hoja ya kubaniwa inakojengwa.

Kila jopo lilikuwa na nyimbo 18 za kuchagua, ukiutoa wimbo wa nchi yake. Kati ya hizo, nyimbo 10 zilipata kitu: 12, 10, kisha 8 kushuka hadi 1. Maana yake ni kwamba zaidi ya nusu ya nyimbo huondoka na angalau alama moja kutoka kila jopo. Kukosa kwenye majopo 17 kati ya 18 ni kushindwa ambako huwezi kukupaka rangi. Majopo 17 yaliuweka wimbo wa Moroko katika nane za chini.

Lakini mfumo ule una kasoro moja ambayo watu huisahau. Wimbo uliokuwa wa 11 kwa kila jopo, na wimbo uliokuwa wa mwisho kabisa kwa kila jopo, hupata alama ileile, yaani sifuri. Jedwali haliwezi kukuambia kama Samira alichukiwa au alikuwa wa kati tu, wa kusikilizwa na kusahauliwa. Wanaosema Ulaya iliikataa Moroko wanasoma chuki mahali ambapo kuna ukimya. Nami siwezi kuapa kwamba chuki haikuwepo katika chumba chochote. Majaji ni watu. Ninachosema ni kwamba jedwali hilo si ushahidi wake.

Na ukitaka kupima kama ugeni peke yake ulitosha kumwangusha mtu, tazama majirani wa Moroko pale mkiani. Ufini ilimleta Vesa-Matti Loiri, mwigizaji na mchekeshaji maarufu kwao, na wimbo wa mpiga filimbi ambao filimbi yenyewe aliipiga mwenyewe jukwaani: alama 6. Ubelgiji ilileta Telex, kundi la muziki wa vinanda vya umeme lililokuja waziwazi kuyafanyia mzaha mashindano yenyewe, na wimbo wao uliitwa jina la mashindano: alama 14, kumi zikiwa za Ureno. Norwe na joik yake, nchi iliyokuwa ndani ya mashindano tangu 1960, ilikuwa ya 16. Waliopata kura nyingi ni Johnny Logan wa Ireland, kijana mtanashati, balladi laini na saksafoni, alama 143, akifuatwa na Katja Ebstein wa Ujerumani kwa 128. Jopo la 1980 lilipenda lilichokizoea, likawapita wote waliokuja na kisichozoeleka, weupe kwa weusi, Wakristo kwa Waislamu.

Kuna kipande kimoja cha jedwali ambacho mimi hukirudia kila mara. Jopo la Moroko nalo lilipiga kura usiku ule, na 12 zake zilikwenda Uturuki, kwa Ajda Pekkan. Wimbo wake ulikuwa wa mafuta ya petroli, ukiimbwa kama mtu anavyomwimbia mpenzi aliyempandishia bei, na ulikuja wakati ambapo Ulaya yote ilikuwa bado inauguza mfuko baada ya mshtuko wa mafuta wa 1979. Ajda alikuwa tayari nyota mkubwa nchini mwake. Alimaliza wa 15, kwa alama 23. Toa zile 12 za Moroko, zinabaki 11. Yaani zaidi ya nusu ya mavuno yote ya Uturuki yalitoka Moroko. Uturuki ilirudisha nini? Hakuna, hata moja.

Hapo unaiona faida ya kuwa na jirani, na hasara ya kutokuwa naye. Watu hulalamika kwamba nchi za Skandinavia hupeana, Ugiriki na Kupro hupeana, na ni kweli hupeana, kwa sababu watazamaji wao husikiliza redio zilezile na kununua sahani zilezile. Moroko ilikuwa na majirani wa namna hiyo, wengi tu: Algeria, Tunisia, Misri, Lebanon. Wote walikuwa na haki ya kukaa mezani, na wote walikuwa nyumbani. Ingekuwa Tunisia ya 1977 ilibaki, ingekuwa Misri ina jopo pale Cairo, wimbo uleule wa Samira ungeondoka na alama zisizopungua ishirini bila kubadilishwa noti. Hilo ni kisio langu, lakini sidhani kama ni kisio la kijinga.

Waliorudi

Ulinganisho unaoniuma zaidi kwa upande wa Moroko unatoka kwa wale waliolala nayo chini usiku ule.

Uturuki ilikuwa imeanza 1975 kwa kushika mkia na alama 3. Baada ya aibu ya The Hague ikarudi 1981. Ikapata sifuri 1983, ikapata sifuri tena 1987. Magazeti ya Istanbul yalilia kila mwaka kwamba Ulaya haitutaki, na kila mwaka shirika la TRT likapeleka mwimbaji mwingine. Mwaka 2003, Sertab Erener akashinda.

Ufini, hiyohiyo iliyokuwa na alama 6, ilikuwa imeshapata sifuri 1963 na 1965, na ikapata nyingine 1982. Kushika mkia kulikuwa karibu mila ya taifa. Mwaka 2006 ikaleta Lordi, wanamuziki wa roki waliovaa vinyago vya mazimwi, ikashinda. Ureno ndiyo kabisa: iliingia 1964 kwa sifuri, na ikangoja hadi 2017 ndipo Salvador Sobral akaileta kombe nyumbani, kwa wimbo mtulivu wa Kireno usio na mbwembwe.

Nchi hizi hazikuwa na waimbaji bora kuliko Moroko. Zilikuwa na kitu kimoja, nafasi ya kushindwa tena mwakani bila kuhesabiwa kuwa zimeaibika mbele ya dunia. Moroko haikujipa nafasi hiyo, na kwa haki tuseme haikuweza kujipa hata ingetaka, kwa kuwa Israel ilikuwa inarudi. Ndiyo maana naona hasira ya matokeo, kama ilikuwepo, iliikuta safari imeshakatwa. Alama 143 zingeweza kuibakiza? Fikiria tu: mshindi angetakiwa kuandaa mashindano ya 1981 nyumbani kwake, na Israel ingekuwa mgeni mwalikwa. Kuna ushindi ambao Rabat isingejua pa kuuweka.

Lebanon ilikuja kulithibitisha hilo miaka 25 baadaye. Ilimchagua Aline Lahoud kwa mashindano ya Kyiv ya 2005, na wimbo wa Kifaransa. EBU ikataka uhakika kwamba Télé Liban, televisheni ya taifa ya Lebanon, itarusha onyesho lote, wimbo wa Israel ukiwemo. Sheria za Lebanon hazikuruhusu. Télé Liban ikajitoa baada ya muda wa kujitoa kupita, ikapoteza ada, ikafungiwa miaka mitatu. Lebanon haijawahi kuimba hata noti moja pale.

Mwimbaji na nchi yake

Samira hakumalizika The Hague. Hili nalisisitiza kwa sababu visa vya Eurovision husimuliwa kama vile jukwaa lile ndilo ahera, ukikataliwa hapo huna pa kwenda. Yeye alikuwa na pa kwenda. Alijikita Cairo, akajulikana kwa jina la Samira Said, akaimba tungo za Baligh Hamdi, mmoja wa watunzi waliomwandikia Umm Kulthum mwenyewe, na akawa kati ya sauti kubwa za ulimwengu wa Kiarabu kwa miongo minne. Wimbo wake na Cheb Mami wa Algeria, "Youm Wara Youm" wa 2002, ulipigwa kwenye harusi na vilabu kutoka Casablanca hadi Dubai. Soko lake lilikuwa hilo tangu awali, na Ulaya haikuwa na ufunguo wake. Kwa mwanamke huyu alama saba zilikuwa mkosi wa jioni moja.

Kwa nchi ni tofauti. Moroko ilijitoa kwenye Eurovision, lakini watoto wake hawakujitoa. Loreen, aliyezaliwa Stockholm kwa wazazi Waamazighi kutoka Moroko, aliishindia Uswidi Baku 2012 na akarudia Liverpool 2023. Kabla yake kulikuwa na mtu mmoja tu aliyewahi kushinda mara mbili kama mwimbaji: Johnny Logan, yuleyule aliyepokea taji lake la kwanza usiku ambao Samira alipata alama zake saba. Nasi huku tunamkumbuka Stella Mwangi, mzaliwa wa Kenya, aliyeiwakilisha Norwe Düsseldorf 2011 kwa "Haba Haba" na kuingiza Kiswahili katika mashindano yale, ingawa alikomea nusu fainali. Afrika imekuwa ikiimba Eurovision muda wote. Inaimba kwa bendera za wengine.

RTM siku hizi inaitwa SNRT, na bado ni mwanachama wa EBU. Kisheria ingeweza kutuma jina mwaka wowote. Desemba 2020 Moroko ilirejesha uhusiano na Israel, kwa hiyo kile kizuizi cha 1980, kwa karatasi, kilipungua uzito. Kwa karatasi tu. Tangu vita vya Gaza vya 2023, maelfu ya Wamoroko wameandamana Rabat na Casablanca wakitaka uhusiano huo uvunjwe, na Eurovision yenyewe imekuwa uwanja wa malumbano kuhusu ushiriki wa Israel, kama ilivyoonekana mitaani Malmö 2024. Mkurugenzi wa televisheni ya taifa anayetaka kuirudisha Moroko leo angekuta ada inalipika na waimbaji wamejaa. Atakachokosa ni mwaka mwingine kama 1980, na sioni dalili kwamba yupo anayeutafuta.